Mtangazaji wa Ulingoni Si Mpiga Makelele

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili ili nitoe maoni yangu juu ya kazi ya mtangazaji wa ulingoni, yaani yule mtu anayesimama katikati ya ulingo wa ngumi na kipaza sauti, akawaita wapiganaji kwa majina, na mwisho wa pambano akawaambia watu nani ameshinda. Nimesikia wanafunzi wawili watatu wa shule yetu wakisema kwamba wanaitamani kazi hii. Nimesikia pia wakubwa wakiwajibu ya kuwa hiyo si kazi bali ni makelele.

Kwa maoni yangu pande zote mbili hazijaitazama vizuri. Vijana wanadhani kinachotakiwa ni sauti nene na koti linalong'aa. Wakubwa nao wanadhani hivyo hivyo, ndiyo maana wanaidharau. Mimi nasema sauti ni sehemu ndogo ya kazi hii. Sehemu kubwa ni uaminifu: kulitaja jina la kila mtu sawasawa, na kuisoma hukumu kama ilivyoandikwa, hata kama watu wa kwenu hawaipendi.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Kabla ya pambano mtangazaji mwema huwaendea wapiganaji wote wawili. Humwuliza kila mmoja jina lake hutamkwa namna gani, ametoka wapi, na kama ana jina la sifa analopenda kuitwa. Huchukua uzito wao kutoka kwa mtu wa mizani, na hesabu ya mapambano waliyoshinda na waliyoshindwa. Akipanda ulingoni humtaja mwamuzi, huwataja majaji, kisha humwita mtu wa kona nyekundu na mtu wa kona ya buluu. Kengele ikilia yeye hushuka, akakaa kimya kando ya kamba. Pambano likiisha hupokea karatasi ya majaji, akapanda tena, akasoma. Basi dakika zake za kusema ni chache, bali saa zake za kuuliza, kuandika na kusikiliza ni nyingi.

Zamani hapakuwa na vipaza sauti. Huko New York alikuwako mtu aliyeitwa Joe Humphreys, aliyefariki mwaka 1936, ambaye alisifika kwa kutangaza mapambano makubwa kwa koo lake tu. Siku hizi umeme ndio unaofanya kazi ya koo. Kama sauti kubwa ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe, basi kazi hii ingalikwisha siku kipaza sauti kilipofika. Wala haikwisha. Hiyo ni dalili ya kwanza kwamba palikuwa na jambo jingine ndani yake.

Jambo hilo ni jina la mtu. Nasi watu wa Paya tuna sababu ya kulielewa kuliko wengi. Nyumbani tunasema Dhopadhola. Ukienda Tororo mjini unakutana na Ateso. Ukishuka Busia unasikia Lusamia na Lugwe, na ukivuka mpaka, kwa njia ya Malaba au ya Busia, unakuta jamaa ni wale wale na lugha ni zile zile, ila noti za fedha ndizo zinazobadilika. Kwetu mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku huitwa Owor. Kwa jirani zetu Wasamia huitwa Wabwire. Usiku ni ule ule mmoja, lakini huwezi kumwita Wabwire "Owor" ukategemea aitike. Na ukimtangaza Othieno wa Padhola kwa jina la "Otieno", umemhamishia Kisumu bila nauli.

Mtu ataona hilo ni jambo dogo la kuchekesha. Si dogo. Nilipata kuhudhuria mchezo wa ngumi katika mji mmoja wa mpakani, ambapo mtangazaji alishindwa kulisoma jina la kijana mgeni. Badala ya kuuliza, akalifanyia mzaha. Umati ukacheka, na kijana yule akainamisha kichwa. Alipigana raundi zake tatu, lakini kila mtu aliona ya kuwa alikuwa amekwisha kupigwa kabla ya kengele. Mama yake alikuwa amepanda basi asubuhi ili asikie jina la mwanawe likitajwa mbele ya watu.

Linganisheni na habari ya Jimmy Lennon wa Los Angeles, aliyefariki mwaka 1992. Wengi wa wapiga ngumi wa mji ule walikuwa watu wa asili ya Mexico, naye hakuwa mmoja wao. Alijifunza kuyatamka majina yao kwa Kihispania, kama yalivyotamkwa nyumbani kwao, na kwa ajili hiyo walimheshimu sana. Mwanawe mwenye jina lile lile akaishika kazi baada yake. Hakuna aliyemlazimisha baba yule kujifunza. Alijua tu kwamba mtu aliyekubali kupigwa mbele ya macho ya watu amestahili angalau kuitwa kwa jina lake.

Nawaza juu ya wapiga ngumi wetu wa Afrika Mashariki waliokwenda mbali. George Oywello aliipatia Uganda medali ya dhahabu ya uzito wa juu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth mwaka 1962. Leo Rwabwogo alipata shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na fedha huko Munich mwaka 1972. Eridadi Mukwanga alipata fedha mwaka ule wa 1968. Philip Waruinge wa Kenya alipata shaba mwaka 1968 na fedha mwaka 1972. Oywello, Rwabwogo, Mukwanga, Waruinge: hayo si majina mepesi kwa ulimi wa mgeni. Kila mmoja wao aliposimama ulingoni ugenini, jina la baba yake lilikuwa kinywani mwa mtu asiyemjua. Sisi tunaopenda majina yetu yatajwe sawasawa huko ng'ambo, imetupasa tuyataje sawasawa ya wageni wanaokuja kwetu.

Juu ya majina ya sifa nina neno moja. John Mugabi wa Uganda, aliyepata medali ya fedha huko Moscow mwaka 1980 na kupambana na Marvin Hagler huko Las Vegas mwezi Machi 1986, alijulikana duniani kwa jina la "Mnyama". Yeye alikuwa mtu mzima, na ngumi ndiyo iliyokuwa riziki yake. Lakini katika ngumi za shule mtangazaji asimbandike mtoto jina la namna hiyo, maana mtoto huondoka ulingoni saa moja usiku na jina hubaki naye mpaka uzeeni. Jina la sifa achague mwenyewe, au asiwe nalo.

Wako wanaosema ya kuwa desturi hii ya kumtangaza mpiganaji ni ya kigeni. Siyo. Ndugu zetu Wajaluo wana pakruok, ambapo mtu husimamisha muziki akajisifu yeye na jamaa zake mbele ya wote. Waisukha na Waidakho wa Kakamega, wanapopiganisha mafahali, huja na ngoma za isukuti na nyimbo za kumsifu fahali wao tangu njiani. Watu wetu wamejua tangu zamani ya kuwa anayeingia kushindana hapaswi kuingia kama asiye na kwao.

Sasa nije kwenye hukumu, ambako ndiko mtangazaji anakojaribiwa kweli. Michael Buffer wa Marekani ndiye mtangazaji wa ngumi anayejulikana kuliko wote. Inasimuliwa ya kuwa alianza kazi hii baada ya kutazama pambano pamoja na mwanawe mdogo. Majaji walikuwa wamegawanyika, na mtangazaji wa siku ile akaisoma hukumu ovyo hata watu wakajua mshindi kabla ya wakati. Mtoto akamwambia baba yake kwamba yeye angeweza kuifanya kazi ile vizuri zaidi.

Wanafunzi na waelewe ubaya ulikuwa wapi. Majaji ni watatu. Ikiwa wawili wamempa Owor na mmoja amempa Wabwire, mtangazaji asiye na akili husoma wale wawili wa Owor kwanza, na hapo mambo yamekwisha. Aliyejifunza husoma mmoja wa Owor, kisha yule wa Wabwire, kisha hunyamaza kidogo, na karatasi ya tatu ndiyo inayoamua. Hajaongeza neno wala hajapunguza. Amepanga tu ukweli vizuri, na kuwapa wapiganaji wote wawili heshima ya kusikilizwa mpaka mwisho.

Lakini kuna siku hukumu yenyewe ni chungu. Mwaka 1988 katika Olimpiki ya Seoul, Robert Wangila wa Kenya alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili, akapata medali ya dhahabu. Hukumu ya namna hiyo ni rahisi kuitangaza, maana kila mwenye macho ameiona. Katika michezo ile ile Roy Jones wa Marekani alifikisha ngumi 86, na Park Si-Hun wa Korea Kusini ngumi 32. Hata hivyo majaji watatu kati ya watano wakampa Park ushindi. Dunia ikashangaa, na mpaka leo watu wanaikumbuka kama dhuluma.

Mtu ataniuliza: je, uaminifu gani huu wa kuisoma hukumu ambayo hata msomaji mwenyewe anaiona si haki? Ni swali zuri, nami nimelifikiri sana. Jawabu langu ni hili. Mtangazaji hashuhudii nani alipiga zaidi. Anashuhudia kwamba haya ndiyo waliyoandika majaji hawa. Akitaja jina la kila jaji na pointi alizotoa, waziwazi, bila kumeza neno, basi kila mtu uwanjani anajua ni nani wa kuulizwa. Hukumu mbaya iliyosomwa sawasawa inaweza kukatiwa rufani. Lakini mtangazaji akianza kuirekebisha kwa huruma leo, kesho ataombwa airekebishe kwa undugu, na kesho kutwa kwa hongo. Hapo hakuna tena mahali pa kupata ukweli katika jengo lile. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wa mtangazaji ukijikwaa huangusha watu wengi pamoja naye.

Sauti inayoaminiwa ni mali kubwa, na wenye nguvu wanalijua jambo hilo. Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, aliyefariki mwezi Februari 2025, hakuwa mtangazaji wa ulingoni bali wa redio, na wengi wetu tuliupenda mpira kwa sababu ya Kiswahili chake. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walioasi walimfuata nyumbani kwake, wakamlazimisha atangaze redioni ya kuwa serikali imepinduliwa. Bunduki walikuwa nazo, na vinywa walikuwa navyo. Kwa nini basi walimtaka yeye? Nadhani ni kwa sababu walijua kwamba wananchi waliizoea sauti ile na kuiamini. Kijana anayetaka kazi ya kutangaza na aifikiri habari hiyo usiku mmoja kabla hajanunua koti.

Iko kazi nyingine ya mtangazaji ambayo haitajwi sana, nayo ni kutuliza. Mchezo wa ngumi una hatari, na si haki kuwaficha wanafunzi. Wangila yule yule wa Seoul alikufa mwezi Julai 1994 huko Las Vegas, kwa majeraha aliyoyapata katika pambano. Kwa hiyo mpiganaji akilala chini bila kuinuka, mtangazaji hana ruhusa ya kupiga kelele za furaha. Kazi yake ni kuwaomba watu wakae, na kuwafungulia njia daktari na machela. Vile vile hapa mpakani, ambapo nusu ya watazamaji wametoka upande huu na nusu upande ule, neno moja la kuwakejeli "watu wa ng'ambo" laweza kuleta mawe. Husemwa mara nyingi ya kuwa ulingo humfundisha mtu adabu. Idi Amin alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda katika miaka ya 1950, na sote tunajua aliyoyatenda baadaye. Ulingo peke yake haufundishi adabu. Adabu hufundishwa na watu walio kando ya ulingo, na mmoja wao ndiye mwenye kipaza sauti.

Na riziki je? Hapa nakubaliana kidogo na wakubwa. Michael Buffer aliuza magari na kuwa mwanamitindo kabla hajaanza kutangaza mwaka 1982, naye alikuwa karibu na miaka 40. Baadaye aliuandikisha kisheria msemo wake wa kufungulia pambano uwe mali yake, akatajirika sana. Ndugu yake kwa baba, Bruce Buffer, ndiye aliyemsimamia katika biashara hiyo, na yeye mwenyewe ametangaza mapambano ya UFC tangu mwaka 1996. Lakini hao ni wawili katika dunia nzima. Kwetu mtangazaji hulipwa kwa usiku mmoja, na anayemlipa ni yule yule aliyeandaa mapambano, ambaye mara nyingi ana mtu wake anayetaka ashinde. Mwenye njaa ni vigumu kumkatalia huyo.

Kwa hiyo shauri langu kwa kijana ni kwamba amalize shule, ashike kazi nyingine ya mikono au ya kalamu, na utangazaji uwe kazi ya pili mpaka utakapoweza kusimama wenyewe. Mwalimu, karani wa mnada, mtu wa redio, msomaji wa matangazo kanisani, wote hao wanaweza kuwa watangazaji wema wa ulingoni. Faida ya kuwa na shamba au mshahara mwingine ni kwamba siku mwenye mapambano akikunong'oneza neno baya, unaweza kumrudishia kipaza sauti chake ukaenda nyumbani.

Mwisho napenda kusema neno kwa wanafunzi wa zamani wenzangu. Wako wanaoshauri kwamba katika michezo yetu tukodi mtu wa muziki kutoka mjini, kwa kuwa ana spika kubwa na maneno ya kuchekesha. Mimi napinga. Spika tuzikodi, lakini msemaji awe mwanafunzi wetu. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule. Basi na kitoke darasani kikafanye kazi mbele ya watu, maana ni lugha ambayo Mjopadhola, Mteso, Msamia na Mkenya huweza kusikilizana bila mmoja kujiona mgeni kwa mwenzake.

Naomba shule ifanye mambo matatu. Kwanza, wachaguliwe wanafunzi wanne kila mwaka, wafundishwe na mwalimu wa Kiswahili kusoma majina na hukumu kwa sauti. Mijadala ya Ijumaa yatosha kuwa mahali pa mazoezi. Pili, pawe na daftari la majina. Kila shule ngeni ikifika, mtangazaji wetu awaendee wageni na kalamu kabla hawajanywa chai, aandike kila jina kama mwenyewe anavyolitamka, kisha alirudie mbele yake mpaka mwenye jina akubali. Tatu, iwe sheria kwamba hukumu husomwa pamoja na majina ya majaji na pointi zao, na kwamba mtangazaji hana maoni yake mpaka ameshuka ulingoni.

Haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji daftari moja, kalamu, na mwalimu mwenye subira. Wakipatikana vijana wanne wa namna hiyo kwa mwaka, si lazima hata mmoja awe mtangazaji wa ngumi. Atakayekuwa karani wa mahakama atalisoma jina la mshitakiwa sawasawa. Atakayekuwa msimamizi wa uchaguzi atazisoma kura kama zilivyo, hata kama mjomba wake ameshindwa. Nami naamini ya kuwa watu wa namna hiyo hawajawahi kuwa wengi mno katika nchi yoyote.

Wasomaji wanaoona vingine nawaomba waandike katika toleo lijalo.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Zamani,
Paya, Tororo.